Jaribu 45

Kwa siku nane mfululizo niliitetea kwa nguvu zote santuri ambayo nilikuwa sijaisikia. Kuipiga niliipiga, tena mara 31, hesabu ninayo. Kuisikia ndiko kulikochelewa.

Niliyekuwa nikibishana naye ni rafiki yangu wa miaka mingi. Mimi namwita Kiitikio, maana kwake wimbo usiofika kwenye kiitikio ndani ya dakika moja ni uzembe kazini. Yeye ananiita Kelele, na sababu haihitaji maelezo. Mimi ni mtu wa panki (ile ya magitaa, si ile ya kichwani, kichwani hakuna tena cha kuchonga) na yeye ni mtu wa pop. Kila Ijumaa tunarushiana vijembe, kwa kuwa Ijumaa ndiyo siku ya mizigo mipya. Tangu tarehe 10 Julai 2015 kazi mpya za muziki hutoka siku hiyo moja karibu dunia nzima. Kabla ya hapo Waingereza walitoa Jumatatu na Wamarekani Jumanne, na ugomvi wetu ulikuwa unakuja kwa rejareja. Siku hizi unakuja kwa jumla.

"Wimbo wa dakika tatu una waandishi tisa," huwa namwambia. "Huo ni wimbo au ni kamati?"

"Nyie mna kodi tatu tangu 1976," hunijibu, "na ya tatu bado inawashinda." (Kodi za gitaa, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, wala msiogope.)

Tatizo la Kiitikio ni kwamba historia anaijua. Ukimletea jeuri ya panki anakukumbusha kwamba Ramones, waliotoa albamu yao ya kwanza mwaka 1976, nyimbo 14 chini ya nusu saa, walikuwa wagonjwa wa pop ya miaka ya 60 kiasi kwamba kwa albamu yao ya mwaka 1980 walimpa Phil Spector kazi ya kuwasimamia studio, yule yule wa makundi ya wasichana. Ukitulia kidogo anakuongezea Blondie: walitoka jukwaa lile lile la CBGB pale New York, na mwaka 1979 wakashika namba moja kwa mdundo wa disko. Mimi nina risasi moja tu, naitunza vizuri: wimbo mmoja wa mwimbaji wa pop Olivia Rodrigo wa mwaka 2021, ambao baadaye ulibidi uongezewe majina ya waandishi wawili wa bendi ya Paramore, kwa jinsi ulivyofanana na wimbo wao.

"Mkiishiwa hasira mnakuja kuazima kwetu," nilimpiga nayo.

"Paramore ni wenu tangu lini? Juzi tu ulisema ni pop."

"Wakiwa na hasira ni wetu. Wakicheka, wachukueni."

Basi, Ijumaa moja bendi niipendayo ilitoa EP mpya, yaani santuri yenye nyimbo chache kuliko albamu. Jina sitalitaja, haina kosa lolote. Nyimbo sita, santuri ya inchi 12, dakika 11 kwa pande zote mbili. Kiitikio, ambaye muziki wake wote huusikilizia kwenye simu, aliipata usiku wa manane kama kila mtu. Mimi nilingoja kifurushi changu kifike, kwa kuwa nina msimamo: muziki wa panki usikilizwe kwenye plastiki nyeusi, ukiwa na jalada la kushika mkononi. Msimamo huo ulinitia aibu, lakini nimebaki nao.

Hapa niwaeleze mashine yangu, maana shetani alikaa humo. Ni ya kuendeshwa kwa mkanda, na haina swichi ya kasi. Ukitaka kutoka 33 kwenda 45 unanyanyua ile sahani nzito ya juu, chini yake unakuta gurudumu dogo la mota lenye ngazi mbili, nyembamba na nene. Mkanda wa mpira ukiwa kwenye ngazi nyembamba, sahani inazunguka mara 33 na theluthi kwa dakika. Ukiuhamishia kwenye ngazi nene, 45. Kazi ya nusu dakika, ila inadai uinuke, uinamishe shingo na usiguse mpira kwa vidole vyenye mafuta. Kwa hiyo mkanda wangu ulikuwa umekaa kwenye ngazi ya 33 kwa muda mrefu hadi nikasahau kwamba kuna ngazi nyingine.

Na akilini nilikuwa na kanuni ya kivivu: santuri kubwa ni 33, santuri ndogo ni 45. Kanuni hiyo ina ukoo wa heshima. Columbia walileta ile kubwa ya 33 mwaka 1948, RCA Victor wakajibu na ile ndogo ya 45 mwaka 1949, na kwa wapenzi wengi wa muziki kipimo cha sahani na kasi vimekaa kichwani kama mke na mume. Sasa, watu wa panki wana tabia ya kukata nyimbo chache kwenye inchi 12 na kuzipiga kwa 45, na si kwa kujionyesha. Kasi ikiwa kubwa, mfereji mwingi zaidi unapita chini ya sindano kila sekunde: kwenye ukingo wa nje ni kama nusu mita kwa sekunde ukiwa kwenye 33, na karibu sentimita 70 ukiwa kwenye 45. Ukielekea katikati, mduara unapungua na mawimbi yanabanana, ndipo sauti za matoazi na herufi "s" huanza kukwaruza. 45 inakupa nafasi ya kupumua hata huko. Bei yake ni muda. Upande wa 33 unabeba dakika 20 na ushee bila shida, wa 45 unaanza kulalamika baada ya 12 hivi. Kwa EP ya dakika 11, nani ana shida ya muda? Yote haya nilikuwa nayajua. Ningeweza kuyatolea mhadhara siku hiyo hiyo, huku mkanda ukiwa kwenye ngazi ya 33.

Jalada halikusaidia. Majina ya nyimbo na muda wake yaliandikwa kwa mkono, halafu yakatolewa fotokopi mpaka yakachoka. Karatasi ya katikati ya santuri haikuwa na neno hata moja: upande wa kwanza mchoro wa jicho, upande wa pili mchoro wa pipa la taka. Nikaweka sindano.

Kilichotoka kilikuwa kizito. Gitaa lilinguruma kama lori linalopanda mlima. Ngoma zilikuja kwa hatua za mtu mnene mwenye uhakika. Yule mwimbaji wao, mwanamke mwenye sauti ya kupasua vioo, sasa alikuwa anaimba kwa sauti nzito ya kiume, kila neno akilitoa taratibu kama anayesoma hukumu. Nilikaa chini. Nikasema peke yangu: wamekua hawa.

Nikamwandikia Kiitikio mara moja. "Umesikia? Wamepunguza mwendo. Hatimaye panki imekomaa."

"Wamepunguza mwendo wapi?" akajibu. "Wanakimbia kama kuku aliyekatwa kichwa. Nimemaliza EP nzima nikiwa bado nafunga kamba za viatu."

Nilicheka. Kiitikio ana chumvi, na mimi nina chumvi, tumezoeana. Mtu wa pop akiona gitaa lenye kelele basi kwake ni mbio. Nikamtumia methali: haraka haraka haina baraka, na hawa wamelisikia hilo. Akanirudishia: ngojangoja huumiza matumbo, na hao hawajawahi kungoja kitu.

Hivyo ndivyo tulivyobishana siku nzima juu ya kitu kimoja ambacho hakikuwa kimoja. Mtu wa tatu angekuwepo angetupeleka wote wawili hospitali.

"Huyo mwimbaji anapiga kelele za juu mno," aliandika Jumamosi.

"Juu? Ameshuka mpaka kwenye besi! Pengine ni homa, pengine ni busara."

"Kelele, wewe umefungulia kitu gani?"

"Kitu kinachoitwa ukomavu, wewe hukijui."

Kuna ushahidi uliokuwa mbele ya macho yangu, nami niliufukuza mmoja baada ya mwingine. Jalada lilisema wimbo wa kwanza una dakika 1 na sekunde 32. Saa yangu ilisema dakika 2 na sekunde 4. Nikaamua mwandishi wa jalada alikuwa mlevi. Gawanya sekunde 124 kwa 92 na jibu linakuja 1.35 hivi, na 45 ukigawanya kwa 33 na theluthi jibu ni hilo hilo 1.35. Mtoto wa shule angeliona. Matoazi yalikuwa yanalia muda mrefu kupita kiasi, kama vifuniko vya sufuria vilivyoangukia kisimani. Nikasema ni studio yenye mwangwi. Herufi "s" ya mwimbaji ilikuwa inaelekea kuwa "sh", kwa kuwa ule mluzi wake uliotakiwa kukaa kwenye hezi 7,000 na kitu (mitetemo kwa sekunde) ulikuwa umeporomoka hadi 5,200. Nikasema amepata meno mapya.

Najitetea kwa jambo moja tu. Wimbo wenyewe ulirekodiwa kwa mapigo 186 kwa dakika, na kwenye mashine yangu ulishuka hadi 138. Mapigo 138 ni mwendo wa kawaida kabisa wa roki. Ungeshuka hadi 80 ningeshtuka, lakini wimbo wa panki una akiba kubwa ya mwendo, ukiukata robo bado unatembea kama mtu mzima. Na gitaa lenye makwaruzo mengi halina sura ya kudumu. Ukilishusha linaonekana tu limenenepa. Wimbo wa pop ukiupunguza hivyo unajulikana papo hapo, mwimbaji anakuwa mgonjwa. Kiitikio anasema hiyo ni hoja inayoonyesha pop ni bora. Sijamjibu mpaka leo.

Jumapili nikafanya lile ambalo nikilikumbuka usiku huwa nageukia ukutani. Niliwaandikia bendi. Aya sita. Niliwapongeza kwa ujasiri wa kutulia. Niliwasifu kwa kushusha nyuzi za magitaa hadi noti ya B, jambo ambalo wengi wa panki hawathubutu. Nilimsifu mwimbaji kwa kugundua, nanukuu, "kifua chake." Mwishoni nikawaomba wasirudi tena kwenye zile mbio za utotoni.

Jibu lilikuja Jumatatu. Lilikuwa fupi kuliko nyimbo zao: "Asante sana. Jaribu 45."

Mtu mwenye akili timamu angesimama hapo, anyanyue sahani, ahamishe mkanda, awaombe radhi watu. Mimi nilielewa kwamba wananishauri niisikilize mara 45. Nikaona ni ushauri wa kina kabisa, kazi nzito haieleweki kwa mara tano. Nikachukua daftari nikaanza kupiga mistari. EP ya dakika 11 kwa mwendo wangu ilikula karibu dakika 15, kwa hiyo mara 45 ilikuwa ni saa 11 na dakika kadhaa za maisha yangu, nami nilizitoa kwa moyo mkunjufu.

Jumanne Kiitikio alichoka. "Maneno basi," aliandika. "Jumamosi kuna ile sherehe, wametuomba tupige kitu. Tupige wimbo wa kwanza wa hiyo EP yako. Mimi nashika besi, wewe gitaa na uimbaji, ngoma nitazipanga kwenye simu. Watu wataamua wenyewe kama ni mbio au ni hatua."

Nikakubali kabla hajamaliza kuandika. Nilipomuuliza kuhusu mazoezi akanikumbusha kwamba mwaka 1977 kijarida cha mashabiki cha Uingereza, Sideburns, kilichora kodi tatu za gitaa kisha kikawaambia wasomaji waanzishe bendi. Hakikutaja mazoezi. Hoja ilikuwa nzuri, tena imetoka kwa mtu wa pop, nikaona aibu kuikataa. Kila mmoja akajifunza kwake.

Kujifunza kwangu kulianza na gitaa. Ili lifanane na santuri nililishusha kutoka E ya kawaida hadi B. Nyuzi za seti ya 10 hadi 46 (ndio unene wake, kwa elfu za inchi) ukizishusha hivyo zinalegea kama kamba za kuanikia nguo. Ukizigusa zinagonga shingo ya gitaa na sauti inayumba. Kwa B unahitaji nyuzi nene, seti ya 13 hadi 62 au karibu na hapo. Nikanunua. Ila uzi wa 62 hauingii kwenye kijia kilichochongwa kwa ajili ya uzi wa 46, pale kwenye kile kibao cheupe kinachotenganisha nyuzi karibu na funguo za kukazia. Lazima upanue kijia kwa tupa. Nikapanua, vyote sita, kwa mkono uliojaa imani. Kisha shingo ikapinda kidogo kwa mvuto mpya, nikakaza ile fimbo ya chuma iliyo ndani yake kwa robo mzunguko. Jumatano usiku gitaa lilikuwa limekuwa gitaa jingine.

Kulikuwa na kitu kimoja kidogo. Nilipolitega gitaa kwa tyuna hadi B kamili, halikukubaliana na santuri. Santuri ilikuwa chini zaidi, kidogo tu, kama senti 20, yaani moja ya tano ya nusu toni. Nikaifuata santuri, nikaiacha tyuna. Hakuna bendi duniani inayojitega B kasoro moja ya tano, lakini hesabu ya 45 dhidi ya 33 na theluthi inatoa nusu toni tano na karibu moja ya tano. Mashine ilikuwa inanisomea hesabu kwa sauti. Nikaandika kwenye daftari: "Wanajitega kwa sikio. Wasanii wa kweli."

Jumamosi ikafika. Ukumbi mdogo, watu hamsini hivi, vipaza sauti viwili. Kiitikio alikuwa ameunganisha simu yake kwenye spika, besi begani, uso wa mtu aliyejiandaa. Tulitazamana kwa heshima ya maadui. Akagusa simu.

Zile ngoma zilianza na milio minne ya kuhesabu. Kwa mapigo 186, milio minne inaisha kwa sekunde moja na robo. Mimi nilikuwa bado nashusha pumzi. Nilipopiga kodi ya kwanza, Kiitikio alikuwa kwenye ya tatu.

Nikiri jambo moja la kiufundi ambalo bado linanifurahisha. Besi yake ilikuwa E, gitaa langu lilikuwa B. E na B ndiyo kodi ya nguvu yenyewe, ile inayobeba panki nzima. Kwa hiyo kwa muda wa kama sekunde moja, tulipokutana kwa bahati kwenye mwanzo wa mstari mmoja, tulitoa mngurumo mkubwa, mpana, mzuri kuliko chochote kilichomo kwenye ile santuri. Watu waliinua vichwa. Halafu zile senti 20 zikaanza kazi yake, sauti ikawa inapwita wau-wau-wau kama king'ora kilichoishiwa betri, na mapigo yakaachana moja kwa moja: yeye 186, mimi 138.

Kila mmoja alimtazama mwenzake kwa jicho la "kaza mwendo" na "punguza mwendo". Kiitikio alikuwa anatikisa kichwa haraka kunionyesha mdundo, nikadhani anafurahia. Mimi nilikuwa nakanyaga sakafu kwa nguvu kumtuliza. Nikaingia na uimbaji, sauti ya chini kabisa niliyonayo, ile niliyoisikia kwenye santuri mara 31, maneno yakitoka moja moja kama matone ya bomba bovu. Kiitikio alipaswa kuitikia kwenye kiitikio. Akaitikia, kwa sauti ya juu kabisa, pale ambapo mimi nilikuwa bado nipo kwenye ubeti wa kwanza. Ilikuwa kama babu anasimulia hadithi na mjukuu anamkatiza akitaka kwenda msalani.

Yeye alimaliza baada ya dakika 1 na sekunde 32, kama jalada lilivyosema. Ngoma za simu zikapiga pigo la mwisho, zikanyamaza. Alizima besi yake vizuri kwa kiganja, akasimama. Mimi nilikuwa nimebakiza robo ya wimbo. Nusu dakika ni muda mrefu sana mtu akiwa peke yake. Niliimba kiitikio cha mwisho mbele ya ukumbi uliokuwa kimya kiasi cha kusikia feni, huku Kiitikio amekunja mikono, ananitazama kama mtu anayengoja mgeni aage.

Watu walipiga makofi ya huruma. Mtoto mmoja wa kama miaka saba akamvuta mamake nguo, akauliza kwa sauti iliyofika jukwaani: "Mama, yule anko ameishiwa chaji?"

Tuliondoka pamoja, bila maneno, hadi kwangu. Nilikuwa na uhakika kwamba yeye ndiye aliyeharibu, na santuri ndiyo ingekuwa shahidi wangu. Nikaiweka. Nikashusha sindano. Kiitikio alisikiliza sekunde kumi hivi, akainamisha kichwa upande mmoja kama kuku aliyeona kitu. Hakusema neno. Akanyoosha kidole, akakiweka kwenye ukingo wa ile sahani inayozunguka, akaanza kuisukuma taratibu, mbele zaidi ya mwendo wake.

Sauti ikapanda. Yule mwanamume mzito kwenye spika akawa kijana, kijana akawa mwanamke, mwanamke akapasua vioo. Gitaa likaamka kutoka usingizini. Ngoma zikaanza kukimbia. Mkanda ukawa unalalamika chini kwa kuteleza, yeye akaendelea kusukuma kwa kidole kimoja, akinitazama usoni, mpaka kila kitu kilipokaa mahali pake. Kisha akatoa kidole, na wote wakazama tena kisimani.

"Kelele," akasema kwa upole wa daktari. "Hii ni kasi gani?"

Akainyanyua santuri, akaielekeza kwenye taa kwa pembeni. Kwenye ile sehemu laini karibu na katikati, baada ya wimbo wa mwisho, ambapo mafundi wa kukata santuri hupenda kuchora namba na utani wao, palikuwa na mikwaruzo midogo. Huwezi kuiona ukitazama moja kwa moja. Mpaka mwanga uje kwa ubavu. Ilisomeka: 45, na mbele yake alama ya mshangao.

Nikakumbuka barua pepe. Nikamwonyesha daftari lenye mistari 31. Kiitikio alikaa sakafuni, akacheka mpaka akawa hatoi sauti, anatikisika tu. Alipopata pumzi aliniambia nisihuzunike, maana John Peel wa BBC alikuwa akipiga santuri kwa kasi isiyo yake hewani, nchi nzima ikisikia, na bado wanamheshimu. "Ila yeye," akaongeza, "hakuchonga gitaa."

Gitaa, ndiyo. Vijia vikishapanuliwa havirudi. Nyuzi nyembamba ndani ya kijia kipana zinacheza na kulia kama nzi kwenye chupa. Nilijaza kila kijia unga wa magadi soda, nikadondoshea tone moja la gundi ile kali ya papo hapo. Vinagandiana mara moja na kuwa kigumu kama jino, kinatoa na moshi kidogo kwa hiyo usiinamie, kisha unachonga upya kwa unene unaotakiwa. Kijia kimoja nilikizidisha kina na hadi leo uzi wa tatu unagusa pale pale mwanzoni. Bendi niliwaandikia tena, safari hii mstari mmoja. Hawajajibu. Pengine wanahesabu.

Na sasa najua kupima bila kubahatisha: unabandika kipande kidogo cha karatasi ukingoni mwa sahani, unatazama saa. Mizunguko mitatu ndani ya sekunde nne ni 45. Mitano ndani ya sekunde tisa ni 33 na theluthi. Haihitaji kifaa.

Kupima huko kunafaa kwa mtu anayekumbuka kupima. Ijumaa iliyofuata Kiitikio aliniletea zawadi ya kunipoza: albamu mpya ya mwimbaji wake wa pop, inchi 12, nyimbo kumi, akaiacha mlangoni na karatasi iliyoandikwa "bila masharti". Mkanda wangu, tangu usiku ule wa aibu, ulikuwa umetulia kwenye ngazi nene. Nikaweka sindano, nikakunja mikono, tayari kwa usingizi.

Nilishangaa. Ngoma zilikuwa zinatimua vumbi. Mwimbaji alikuwa na sauti ya chiriku aliyekunywa kahawa, hana muda wa kupumua, anarusha maneno kama anadaiwa. Kiitikio kilifika kabla sijakaa vizuri. Upande mzima wa dakika 20 ukaisha ndani ya 15. Nikamwandikia Kiitikio aya nne, nikasalimu amri: hatimaye pop imepata damu, huyu dada ana hasira ya kweli, mapigo 159 kwa dakika na hakuna hata mstari mmoja wa uvivu, leo umenishinda.

Alikaa kimya muda mrefu, zile nukta tatu za kuandika zikija na kuondoka. Kisha likaingia jibu lake: "Jaribu 33."

Nimeijaribu. Ile ya 45 ni kali zaidi.